Mshipi wa kurambaza kwa kibao cha kuzamisha: maana, aina na uteuzi wa maneno

Mshipi (nomino, ngeli ya U-I, wingi: mishipi) una maana mbili kuu katika Kiswahili cha leo: ukanda wa kufungia kiunoni, na ugwe wa kuvulia samaki. Makala haya yanahusu maana ya pili, hasa mshipi unaotumika kurambaza ziwani pamoja na kibao cha kuzamisha. Uvuvi wa namna hiyo umeshamiri katika Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini, na miongozo yake mingi imeandikwa kwa Kiingereza. Mfasiri anayeikabili hugundua kwamba Kiswahili kina karibu maneno yote anayoyahitaji. Ugumu ni kwamba maneno hayo yanakaribiana, na kila moja lina mpaka wake. Mpaka huo ukivukwa, sentensi hubaki sahihi kisarufi lakini humpoteza msomaji aliyeshika fimbo mkononi.

Mshipi usichanganywe na mshipa (wingi: mishipa), yaani njia ya damu mwilini. Maneno yote mawili yamo katika ngeli moja na hutofautiana kwa irabu ya mwisho tu, hivyo upatanisho wa kisarufi hauwezi kumsaidia msomaji kung'amua kosa la chapa.

Kurambaza na kukokota

Kurambaza ni kuvua kwa mshipi unaoburutwa nyuma ya chombo kinachokwenda, ukiwa na chambo na ndoana mwishoni. Katika pwani ya Afrika Mashariki, mbinu hiyo hutumika kuwavua samaki wenye mbio kama nguru na jodari. Siku hizi kitenzi hiki kimepewa pia maana ya kupitia kurasa za intaneti, lakini maana ya baharini ndiyo ya asili na ingali hai.

Kukokota, katika lugha ya uvuvi, huhusu zaidi wavu: juya hukokotwa, na meli kubwa hukokota wavu chini ya maji. Kiingereza nacho kina vitenzi viwili kwa kazi hizo mbili, na tahajia zake zinakaribiana mno. Ndiyo sababu tafsiri nyingine humfanya mvuvi wa fimbo moja aonekane mwenye meli ya nyavu. Pale ambapo kinachoburutwa ni mshipi, neno linalofaa ni kurambaza.

Mfano: Walirambaza tangu alfajiri kwa mishipi minne.
Mfano: Meli ile ilikokota wavu usiku kucha.

Kibao si chubwi

Chubwi ni kipande cha risasi kinachofungwa kwenye mshipi ili kuuzamisha. Huzama kwa uzito wake, hata chombo kikiwa kimesimama. Kibao cha kuzamisha hufanya kazi kwa njia nyingine. Ni kifaa bapa, aghalabu cha plastiki, kinachokaa majini kwa mshazari. Chombo kinapokwenda, maji huusukuma uso wa kibao na kukielekeza chini, nacho huvuta mshipi na chambo pamoja nacho. Nguvu hiyo ya kuzama hutokana na mwendo. Kwa hiyo kukiita kibao chubwi, au kukiita nanga, ni kumficha msomaji jambo la msingi: kasi ya chombo na ukinzani wa maji ndivyo vinavyoamua kibao kitafika wapi.

Kibao kinachojulikana zaidi ni Dipsy Diver, chenye umbo la kisahani. Chini yake kuna bamba lenye uzito upande mmoja. Bamba likizungushwa, kibao hushuka moja kwa moja au huenda mrama kidogo kuelekea kulia au kushoto. Kwa njia hiyo chombo kimoja huweza kurambaza mishipi kadhaa bila kutatana, na chambo hupita mbali na njia ya chombo, ambako samaki hawajashtushwa na mvumo wa injini.

Kibao kina pia kifyatuo. Samaki anapodaka chambo, au mvuvi anapoitikisa fimbo kwa nguvu, kifyatuo huachia, kibao hulala bapa, na maji hayakisukumi tena kwenda chini. Neno kifyatuo limechaguliwa kwa sababu wasemaji wanalijua kutoka kwenye mitego na bunduki, na kitenzi chake kinaeleza tukio lenyewe: kibao kimefyatuka. Kusema kibao "kimefunguka" au "kimekatika" kunaleta picha ya kifaa kilichoharibika.

Maziwa Makuu yapi?

Katika Kiswahili, Maziwa Makuu bila maelezo zaidi humaanisha maziwa ya Afrika kama Victoria, Tanganyika na Nyasa. Mwongozo unaohusu maziwa ya Superior, Michigan, Huron, Erie na Ontario sharti useme Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini, angalau mara ya kwanza. Tofauti hii si ya ramani tu. Vibao vilipata umaarufu huko kwa sababu ya samaki wa maji baridi. Mwaka 1966 jimbo la Michigan lilipandikiza samoni aina ya coho katika mito inayoingia Ziwa Michigan, na mwaka uliofuata likaongeza aina ya chinook, likikusudia kupata mlaji wa samaki wadogo walioingia kutoka baharini na kuzidi mno. Samoni hao walinawiri, na uvuvi mkubwa wa burudani ukazaliwa.

Majira ya joto, maji ya juu ya maziwa hayo hupata joto, nao samoni hushuka kwenye tabaka la baridi. Chinook hupendelea maji ya takriban nyuzi 10 hadi 13 za Selsiasi. Mvuvi basi hatafuti kushuka chini iwezekanavyo. Hutafuta kina fulani, na kukidumisha chombo kikiwa kinakwenda kilomita 3 hadi 5 kwa saa. Hapo ndipo uchaguzi wa mshipi unapokuwa na uzito.

Nguvu, unene na mnyumbuko

Kwenye kigurudumu cha mshipi dukani, tarakimu inayoonekana kwanza ni nguvu, yaani uzito ambao mshipi huweza kuuhimili kabla ya kukatika. Wasomaji wengi huidhani kuwa ndicho kigezo cha kuchagulia. Kwa kurambaza na kibao, hiyo ni moja tu ya sifa tatu, na mara nyingi si ile inayoamua mafanikio ya siku.

Unene ni kipenyo cha mshipi. Mshipi unaoburutwa majini hukinzwa na maji katika urefu wake wote, na mnene hukinzwa zaidi. Ukinzani huo huuvuta mshipi kwenda nyuma na juu, huku kibao kikijaribu kwenda chini. Ndiyo sababu kibao kilekile, kwa kasi ileile na urefu uleule wa mshipi, hushuka zaidi kikifungwa kwenye mshipi mwembamba.

Mnyumbuko ni kurefuka kwa mshipi unapovutwa na kurudi unapoachiwa. Vitenzi jirani visitumike ovyo. Kuvutika hueleza tu kwamba kitu kimekubali kuvutwa. Kutanuka huashiria kuongezeka upana au ukubwa. Kulegea ni kupungua kwa mkazo, na mshipi unaweza kulegea pasipo kunyumbuka hata kidogo. Mwongozo unaoonya kuhusu mnyumbuko ukifasiriwa kwa "kulegea", msomaji atakaza rili yake akidhani ameondoa tatizo, ilhali tatizo limo ndani ya mshipi wenyewe.

Hesabu ndogo yaonyesha ukubwa wa jambo hili. Mshipi wa mita 60 ukinyumbuka kwa asilimia 10, umeongezeka mita 6. Mvuvi anayeitikisa fimbo yenye urefu wa mita 3 ili kibao kifyatuke hawezi kuimaliza nafasi hiyo. Mtikiso humezwa na mshipi kabla haujafika kwenye kifyatuo, naye hulazimika kukivuta kibao kikiwa bado kinashindana na maji. Kwa upande mwingine, samaki mzito anapodaka kwa ghafula, mnyumbuko huohuo humeza mshtuko ambao ungeipasua midomo yake au kukata mshipi.

Sifa moja, kwa hiyo, huleta hasara na faida. Kuchagua mshipi ni kuamua hasara ipi inavumilika.

Aina za mshipi

1. Mshipi wa nailoni, au mshipi wa uzi mmoja. Huu ndio wa kawaida na wa bei nafuu. Fundo lake hushika vizuri, nao huzoeleka upesi mkononi. Hunyumbuka sana, hunywa maji kidogo na kupungua nguvu unapolowa, na huchakaa kwa jua. Kwa nguvu ileile, ni mnene kuliko mshipi wa kusuka: mshipi wa nailoni wa ratili 20 una kipenyo cha takriban milimita 0.46, ilhali wa kusuka wa ratili 30 una takriban milimita 0.28. Unafaa pale samaki wanapokuwa si mbali sana na uso wa maji, na urefu unaotolewa si mkubwa.

2. Mshipi wa kusuka. Huundwa kwa nyuzi nyembamba za polithilini zilizosukwa pamoja. Mfasiri azingatie tofauti kati ya kusuka na kusokota. Ukili na nywele husukwa, kamba husokotwa. Mshipi huu umesukwa. Ni mwembamba, karibu haunyumbuki, na humpasha mvuvi habari ya kila mguso. Kibao hushuka zaidi kwa urefu mfupi wa mshipi, na mtikiso wa fimbo hufika kwenye kifyatuo mara moja. Gharama yake ni kukosa kinga ya mshtuko. Tena huteleza kwenye kigurudumu kitupu, hivyo hutanguliwa na mizunguko michache ya nailoni. Ukiwa umekazwa, huweza kumkata mvuvi kidole. Wakati wa baridi kali hushika maji na kuganda kwenye pete za fimbo.

3. Mshipi wa waya. Unaotumika sana ni wa nyuzi saba za chuma kisichoshika kutu zilizosokotwa pamoja. Hapa kusokota ndilo neno sahihi. Huzama wenyewe na haunyumbuki kwa kiasi cha kuhisika, kwa hiyo huchaguliwa samaki wakiwa chini sana. Unahitaji fimbo iliyotengenezwa kwa ajili yake, kwa kuwa hukwangua pete za kawaida, na ncha ya fimbo huwekwa springi laini au vigurudumu ili waya usipindwe kwa pembe kali. Adui yake mkuu ni mpindo. Waya uliopindika ukavutwa hubaki na kovu, na hukatikia palepale siku nyingine. Usemi "waya umejikunja" haumtahadharishi msomaji vya kutosha, maana mshipi wowote hujikunja; heri "waya umepata mpindo".

4. Mshipi wa florokaboni. Ni mzito kuliko nailoni, hustahimili kukwaruzwa, na hupindisha mwanga kwa kiwango kinachokaribia cha maji zaidi ya nailoni, hivyo hauonekani kwa urahisi. Kwa kazi hii hutumika zaidi katika kipande cha chambo kuliko katika mshipi mzima.

Kipande cha chambo na mpira

Kipande cha chambo ni sehemu ya mshipi iliyo kati ya kibao na chambo. Kwa kawaida huwa na futi 6 hadi 8, yaani takriban mita 1.8 hadi 2.4, na huwa cha nailoni au florokaboni ya ratili 20 au 25. Urefu wake una sababu ya wazi. Kibao hakiwezi kupita kwenye pete za fimbo. Kikifika kwenye ncha, mvuvi hana njia ya kukunja zaidi. Kipande kikizidi urefu wa fimbo, samaki hubaki mbali na wavu wa kumwopolea.

Kwa mshipi wa kusuka au wa waya, wavuvi wengi huweka mpira kati ya kibao na kipande hicho. Kazi ya mpira ni kurudisha sehemu ya mnyumbuko iliyoondolewa na mshipi. Mfasiri asiuite kamba, wala asiuache kwa kudhani ni pambo. Bila mpira, breki ya rili sharti ilegezwe kwa uangalifu zaidi na fimbo iwe laini, la sivyo pigo la kwanza la chinook huenda likawa la mwisho.

Ratili, urefu na kina

Kipimo cha nguvu katika miongozo ya Marekani ni ratili. Neno paundi linaeleweka pia, lakini katika maandishi rasmi ratili huondoa shaka, kwa sababu paundi ni jina la fedha vilevile. Ratili 20 ni takriban kilo 9, ratili 30 ni kilo 13.6, na ratili 50 ni kilo 22.7. Tarakimu isihamishwe bila kipimo. "Mshipi wa 30" unaweza kusomwa kuwa wa kilo 30, na huo una nguvu zaidi ya mara mbili ya uliokusudiwa, pia ni mnene kuliko uliokusudiwa.

Urefu na kina navyo vitenganishwe. Kihesabio kilicho kwenye rili huonyesha urefu wa mshipi uliotolewa. Kina ni umbali wa kwenda chini kutoka usoni mwa maji, na siku zote ni kidogo kuliko urefu huo, kwa kuwa mshipi hukaa kwa mshazari. Watengenezaji hutoa jedwali la kukadiria kina kutokana na urefu na mpangilio wa kibao, lakini jedwali huandaliwa kwa mshipi wa aina na unene fulani. Tafsiri ikidondosha maelezo hayo, jedwali zima hupoteza maana: mwenye nailoni nene atasoma kina ambacho kibao chake hakijakifikia.

Mfano usiofaa: Toa mshipi kina cha futi 150.
Mfano unaofaa: Toa mshipi wenye urefu wa futi 150, kina kitategemea unene wa mshipi na mpangilio wa kibao.

Pale wembamba unapogeuka mzigo

Yaliyotangulia yaweza kumfanya msomaji aamini kwamba mshipi mwembamba ndio bora daima. Kiumbe mdogo wa majini anaikanusha imani hiyo. Kiroboto-maji mwenye mwiba, asili yake Ulaya na Asia, aliingia katika Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini katika miaka ya 1980, na inaaminika alikuja na maji ya kusawazishia meli. Mwiba wake mrefu hunasa kwenye mshipi. Wakiongezeka, hasa mwishoni mwa majira ya joto, hujibandika kwa maelfu na kuwa kama uji mzito unaoziba pete ya ncha ya fimbo. Rili haikunji tena, na samaki aliyekwisha kudaka hupotea hatua chache kutoka chomboni.

Mishipi myembamba hunasa viroboto hao kwa urahisi kuliko ile minene. Kwa hiyo mvuvi aliyesifu mshipi wa kusuka mwezi Juni huweza kurudia nailoni nene ya ratili 30 au zaidi mwezi Agosti, akikubali kupungukiwa na kina ili apate mshipi unaoweza kukunjwa. Mwongozo unaosema "tumia mshipi mnene zaidi" katika muktadha huu hauzungumzii nguvu. Ukifasiriwa "tumia mshipi wenye nguvu zaidi", msomaji atanunua wa kusuka wa ratili 50, wenye kipenyo cha takriban milimita 0.36, na bado utakuwa mwembamba kuliko nailoni ya ratili 20. Ametii kila neno la tafsiri, na mshipi wake umejaa viroboto.

Muhtasari wa matumizi

Kurambaza kwa mshipi. Kukokota kwa wavu. Chubwi huzama kwa uzito. Kibao huzamishwa na mwendo. Kibao hufyatuka, mshipi hukatika. Nguvu hutajwa kwa ratili au kilo, unene kwa milimita, mnyumbuko kwa asilimia, na hakuna moja kati ya hizo inayoweza kuchukua nafasi ya nyingine. Mshipi wa polithilini husukwa. Waya wa nyuzi saba husokotwa. Urefu husomwa kwenye rili, kina hukadiriwa.

Mwalimu anayetumia makala haya darasani anaweza kuwapa wanafunzi sentensi moja ya majaribio: "Mshipi huu ni imara." Je, imara huku ni kutokatika, kutonyumbuka, au kutokwaruzika? Nailoni, mshipi wa kusuka na florokaboni vyote huitwa imara, kila kimoja kwa sababu yake. Mpaka sababu hiyo itajwe, sentensi haijamwambia mvuvi afunge nini kwenye fimbo.